Nusu pointi

Yaya, kaka yangu mkubwa, ni fundi wa magari Kadutu, hapa Bukavu, na kwake injini ni Toyota. Mimi ni wa Honda tangu 2017, kwa sababu ya dereva wao mmoja, kijana Mfaransa, Pierre Gasly.

Super Formula ndiyo mashindano makuu ya Wajapani ya magari ya kiti kimoja. Hadi 2012 yaliitwa Formula Nippon. Bodi zote ni za kampuni moja, Dallara, injini ni Honda au Toyota, silinda 4, lita 2, turbo, basi. Dereva hana pa kujificha, ndiyo maana tunayapenda. Japani wametutangulia saa 7, kwa hiyo mbio zao za mchana tunaziangalia Jumapili asubuhi kwenye simu ya yaya, kabla ya misa.

Mwaka ule wa 2017 Gasly alishinda kwenye uwanja wa Motegi, akashinda na Autopolis. Ukabaki uwanja wa mwisho, Suzuka, mwezi wa kumi, naye yuko nyuma ya Hiroaki Ishiura wa Toyota kwa nusu pointi. Wikendi hiyohiyo Formula 1 ilikuwa Austin, Marekani, na Toro Rosso, timu ya Formula 1, walikuwa wameshaanza kumpa gari. Akaacha Austin, akaenda Japani kutafuta taji. Kikaja kimbunga. Mbio zikafutwa. Taji likabaki kwa Ishiura, pointi 33.5 kwa 33.

Nililia. Nikasema wangewaacha waendeshe, mbona sisi Bukavu tunashuka milima na mvua yetu kila siku! Yaya hakunicheka. Aliniita kwenye gari lililokuwa juu ya jeki, akapitisha kidole changu kwenye mifereji ya tairi. Maji yanapita hapa kutoka chini ya tairi, akasema. Yakizidi, tairi linaacha lami linaelea, unazungusha usukani na gari halikusikii. Halafu akanitajia Jules Bianchi, dereva wa Formula 1 aliyepata ajali iliyomuua baadaye: Suzuka hiyohiyo, mvua, Oktoba 2014. Nikanyamaza. Walifanya vema kufuta, nasema hivyo hadi leo, na nusu pointi ile bado inaniuma.

2018 tukarudi Suzuka, lami kavu. Naoki Yamamoto wa Honda mbele, Nick Cassidy wa Toyota akimfukuza hadi mstari wa mwisho. Taji likaenda kwa Yamamoto, pointi 38 kwa 37. Nilitaka kupiga kelele, nikamtazama yaya: ameshika simu kwa mikono miwili, kioo kimeshazima, haongei. Nikaenda kumwekea chai.