Mikono ya Ian

Jamani, nimeingia sasa hivi kutoka Macclesfield, hata koti sijavua.

Wanaonijua wanajua: majira yangu ya kwanza ya baridi hapa Manchester, bendi ya Joy Division ndio walionivusha. Leo nimekwenda makaburini kuliona jiwe la Ian Curtis, mwimbaji wao. Jiwe dogo tu, pembezoni mwa njia. Jina, tarehe 18-5-80, na mstari mmoja wa wimbo.

Nimekuta wazee watatu wanakumbushana maonyesho. Mmoja anaiga kwa mdomo besi ya Peter Hook, mpiga besi wa bendi, ile inayopanda juu kama gitaa la solo. (Hook mwenyewe husimulia kwamba spika yake ilikuwa mbovu, akipiga nyuzi za chini hajisikii, ndipo akahamia juu. Uzuri wote ule!)

Mama mmoja alikuwepo Birmingham, Mei 2, 1980, onyesho la mwisho la Joy Division.

Nikamuuliza, Ian alikuwa anachezaje?

Akaweka mkoba chini. Akainua viwiko, mikono ikaanza kuzunguka kwa kasi. Sekunde chache tu. Kisha akaishusha taratibu.

"Tulikuwa tunashangilia," akasema. "Hatukujua lini anacheza na lini anaumwa."

Ian alikuwa na kifafa. Alifariki ana miaka 23.

Tukanyamaza sote. Mikono ya yule mama naiona mpaka sasa, mishipa imetokeza, vidole vinatetemeka bado.

Na nyinyi wenzangu, ni onyesho gani mlilohudhuria ambalo halijawatoka? Niandikieni, leo silali mapema.