Siku moja na Robin Hood, nyuma ya jukwaa

Natunza nota za okestra hapa London. Leo usiku tunaonyesha The Adventures of Robin Hood ya mwaka 1938. Sauti za waigizaji zimebaki kwenye filamu, muziki tunaupiga sisi jukwaani.

Saa 2 na nusu asubuhi. Napanga nota kwenye stendi. Ni za kukodi, kwa hiyo penseli tu, wino marufuku. Nakagua alama za upinde ili fidla zote zivute upande mmoja. Waliozitumia kabla yetu wameacha michoro yao: mmoja kachora upanga pale Guy wa Gisborne, adui wa Robin Hood, anapouawa. Siufuti.

Saa 4. Mazoezi bila picha. Watu husifia tarumbeta za filamu hizi za mapanga, lakini mimi nasema kazi ngumu iko kwenye fidla. Vinoti vidogo vinakimbia, mwendo unabadilika kila mara, na mtu hana pa kupumulia. Erich Wolfgang Korngold, aliyetunga muziki huu, alikuwa mtunzi wa opera Vienna, Austria, tangu ujana wake, na filamu aliichukulia kama opera ambayo waigizaji wake hawaimbi. Errol Flynn, anayeigiza Robin Hood, akifungua mdomo, okestra inajishusha; akinyamaza, inapanda.

Saa 7. Chakula. Kijana mgeni wa tromboni ananiuliza huyu Korngold alipata wapi furaha yote hii mwaka ule. Namwambia, mwanzoni aliikataa kazi hii, akidai filamu za mapambano si fani yake. Machi 1938, yeye akiwa Hollywood, Hitler akaitwaa Austria. Korngold alikuwa Myahudi, na nyumba yake Vienna ikachukuliwa. Baadaye alisema filamu hii ndiyo iliyomwokoa maisha. Oscar aliyopata ilikuja juu ya hayo. Kijana akaacha kutafuna.

Saa 8. Sasa na picha, na hapa ndipo jasho linapotoka. Kwenye skrini ndogo ya mwongozaji wa okestra, mstari wa rangi unapita kutoka kushoto kwenda kulia, kisha duara jeupe linamulika ghafla: hapo pigo lazima liangukie. Korngold mwenyewe alitegemea zaidi macho na hisia zake kuliko mashine. Sisi tukichelewa nusu sekunde, upanga unagonga kimyakimya na matoazi yanalia hewani. Pambano la Flynn na Basil Rathbone, anayeigiza Guy, kwenye ngazi za kasri tunalirudia mpaka wapiga honi wananuna.

Saa 1 na nusu usiku. Ukumbi umejaa. Nasimama pembeni na nakala za akiba mkononi, maana daima kuna anayesahau miwani au kumwagia nota maji. Pambano linakaa sawasawa. Watoto wa mstari wa mbele wanapigana kwa programu walizozikunja.

Saa 4. Nakusanya nota na kuhesabu fungu la kila ala. La pikolo, filimbi ndogo, halipo, kama kawaida. Nalipata ndani ya begi la mpigaji wake, mlangoni, koti tayari mwilini. Maboksi yanafungwa, gari la wenye nota linakuja asubuhi.