Vazi la mvunaji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii maombi yamekuwa mazito kwangu. Kuna kijana mtaani kwetu, kibarua wa zege, amemaliza kazi ya watu, halafu msimamizi akamshikia simu eti kuna koleo halionekani. Hela hakupewa, na simu ndiyo anayopigiwa kuitwa kazini. Kila nikipiga magoti namwona yeye. Ndipo nikakumbuka kigae kimoja cha kale.

Kigae hicho kilipatikana mwaka 1960 kwenye magofu ya ngome ndogo iitwayo Mezad Hashavyahu, pwani ya Israeli, kusini mwa Tel Aviv. Ni kipande tu cha chungu kilichovunjika, maana papirasi, karatasi ya zamani hizo, ilikuwa ghali, na vigae havikosekani kwenye nyumba yoyote. Kimeandikwa kwa wino, kwa Kiebrania, mwishoni mwa karne ya 7 kabla ya Kristo, na wengi wanaona ni siku za mfalme Yosia.

Mvunaji anamlilia mkuu wa mahali pale. Amevuna, amemaliza, ameweka nafaka ghalani, kisha Hoshayahu mwana wa Shobai akaja akamchukulia vazi. Anasema ndugu zake waliovuna naye kwenye jua kali watamshuhudia kwamba hana hatia. Halafu anarudi palepale: vazi langu, vazi langu. Inaelekea karani ndiye aliyeandika, yeye akisimulia, kwa sababu maneno yanarukiana kama ya mtu aliyekuja mbio.

Katika maandishi yaliyosalia, jina la aliyechukua vazi lipo. La mvunaji halipo. Wala kigae hakisemi kama alirudishiwa.

Sheria alikuwa nayo upande wake. Kutoka 22 inaagiza nguo ya maskini iliyowekwa rehani irudishwe kabla jua halijachwa, kwa kuwa ndiyo anayojifunika usiku. Na sisi sheria hiyo tunayo, ndani ya Biblia kwenye simu zetu.

Sasa niseme na sisi tulio ndani ya kanisa, maana wa nje wana mahakama yao. Dada wa kazi nyumbani kwako mwezi wa tatu hajaona mshahara. Ukiulizwa unasema unamtunzia, asije akatoroka. Fundi aliyekushonea sare ya kwaya unamwambia njoo kesho, na kesho hupokei simu. Jumapili unasimama kutoa shukrani, tunakupigia makofi. Amosi aliwaona watu wa namna hiyo, wamejilaza kando ya madhabahu juu ya nguo za rehani, na hakuwapigia makofi. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiwa kwa hila "unapiga kelele", na vilio vya waliovuna vimekwisha kuingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mpendwa, unaomba mlango ufunguke, na huko juu kuna mtu ametangulia kufika na jina lako mdomoni!

Usingoje semina ya wiki ijayo, wala usiniambie utaliombea. Una deni la mtu aliyekutolea jasho? Mtumie leo, jua halijazama. Na ya kutolea uweke.