Mkato kwenye barua ya asali

Leo stesheneri, hapa Tabora mjini, walikuja wazee wawili wafuga nyuki kutoka Sikonge. Walitaka kuchapiwa barua ya Kiingereza ya kumpelekea mnunuzi wa nje. Sentensi moja ilinisimamisha: "We sell honey, wax and propolis in 20-litre buckets." Nikawauliza, ndoo ni za vyote vitatu, asali, nta na propolis (gundi ya nyuki)? Wakashangaa. Ndoo ni za asali tu, nta wanauza kwa kilo. Tukaikata: "We sell honey in 20-litre buckets. We also sell wax and propolis."

"Mwanangu, alama tu ndiyo inakusumbua hivyo?" mmoja akauliza.

Nikamsimulia habari ya jimbo la Maine, Marekani. Sheria yao ilitaja kazi za vyakula zisizolipiwa saa za ziada, orodha ikamalizika na "packing for shipment or distribution", bila mkato kabla ya "or". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakadai: hapo imetajwa kufungasha tu, iwe kwa kusafirisha au kusambaza, sisi tunasambaza, hatufungashi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona sheria ina utata, ikawapa haki. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Sheria nayo ikaandikwa upya, kila kazi ikatengwa kwa nuktamkato (;).

Nimewaza sana jioni hii kwa nini mkato unatutesa. Sisi huandika, "Mvua ilinyesha, daraja likakatika, tukalala njiani," na sentensi imekaa vizuri, maana ile "ka" inashika tukio moja na jingine. Kiingereza hakina "ka". Ukiandika "It rained, the bridge broke, we slept on the road," mkato umebebeshwa mzigo usio wake. Weka nukta, au nuktamkato, au "and" mwishoni. Sijawahi kusikia darasani jambo hili likielezwa hivyo, na linaniuma, kwa sababu barua nyingi za kuomba kazi ninazochapa zina kosa hilohilo.

Wazee watarudi na orodha ya bei. Nimewaomba waiandike kwanza kwa Kiswahili, nijue nini kinakwenda na nini, ndipo tuziweke alama pamoja.