Boriti za Pueblo Bonito

Barabara ya kwenda Chaco Canyon, bonde la magofu ya kale huko New Mexico, Marekani, haina haya. Lami ikiisha, kama kilomita 20 ni vumbi lililojikunja kama bati, na gari nililokodi kwa bei ya kuumiza likalalama njia nzima. Getini dola 25. Ndani hakuna hata mahali pa kununua chai. Mjini Albuquerque nililala tu, sina la kuusimulia.

Pueblo Bonito ni jumba la mawe lenye umbo la herufi D, vyumba 600 na zaidi, mahali pengine ghorofa nne. Mababu wa Wapueblo, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walilijenga kidogo kidogo, tangu miaka ya 850 hadi 1150 hivi. Wenzangu walipiga picha za kuta. Mimi, mtoto wa Lamu, nilitafuta dari. Vipande vya magogo ya msonobari bado vimechomoza ukutani, na baadhi vina tundu dogo lililozibwa. Mlinzi wa hifadhi akanieleza: wataalamu hutoboa, wakatoa kijiti chembamba, wakahesabu pete za mti hadi mwaka ulipokatwa. Kwa njia hiyo mwanasayansi A. E. Douglass alitangaza umri wa jumba hili mwaka 1929.

Nikatazama huku na huku. Vichaka vitupu! Miti mingi, akasema, ilitoka milima ya Zuni na Chuska, kilomita 75 na kuendelea. Gurudumu hawakuwa nalo, wala punda. Majumba ya bonde lile yanakadiriwa kumeza miti 200,000 au zaidi, na magogo hayana makovu ya kuburuzwa. Yalibebwa.

Kwetu chumba ni chembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Lakini mkoko tunao mlangoni, maji yakijaa jahazi linapakia. Zamani boriti zetu zilifika hadi nchi za Ghuba, Uarabuni, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Usiku nikampigia mjomba, fundi wa dari pale mtaa wa Langoni, Lamu, kwao kumeshakucha.

“Korija ilikwenda kwa ngapi?” akauliza kwanza, maana kwetu boriti huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini.

“Hawakuwa na fedha, mjomba.”

“Basi mwanangu, hapo palikuwa na mfalme, au palikuwa na ibada.”

Sikuwa na la kumjibu. Wanaakiolojia wenyewe bado wanabishana juu ya hilo hilo.