Sijui Tu, Kocha

Mshambuliaji mmoja kijana ninayemfundisha, wa Barani hapa Malindi, aliniuliza swali Jumanne baada ya mazoezi, na tangu siku hiyo halijanitoka kichwani. Alikuwa ameketi mchangani akifungua kamba za viatu. "Kocha, enzi zako ulikuwa ukijuaje krosi itaangukia wapi?" Aliuliza juu ya ule mpira wa juu unaopigwa kutoka pembeni kuelekea golini. Nikamjibu, "Nilikuwa najua tu, mwanangu." Akaniangalia kwa adabu kabisa, akasema, "Basi mimi sijui tu, Kocha." Hakuwa na kiburi wala kinyongo. Alitaka kujua, akaondoka bila kujua.

Wiki hii tumemwozesha binamu yangu kule Mambrui, na Ijumaa Harambee Stars ikatolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pale Kasarani, lakini kila nilipotulia sauti ya kijana yule ilinirudia. Hata mechi yenyewe niliitazama nikimwangalia zaidi Benni McCarthy, kocha wa timu yetu ya taifa katika mashindano hayo, kando ya uwanja. Huyu ni mfungaji bora wa timu ya taifa ya Afrika Kusini wa nyakati zote, bingwa wa Ulaya akiwa na Porto mwaka 2004. Hata hivyo, baada ya kustaafu mwaka 2013 alianzia chini, akiwa kocha msaidizi wa Sint-Truiden nchini Ubelgiji, kabla ya Cape Town City kumkabidhi timu mwaka 2017. Hapa kwetu Malindi wengi huamini kwamba aliyewahi kulipwa kwa kucheza mpira amekwisha kuwa kocha. Mimi siamini hivyo kamwe, kwa kuwa mambo mengi niliyoyafanya uwanjani miguu iliyajua kabla sijayatafutia maneno, na kijana hawezi kufundishwa na miguu yangu.

Jana usiku, usingizi ulipogoma, niliyarudia moja baada ya jingine mabao yangu ya kichwa ya enzi nilipocheza Mombasa, na hapo ndipo jibu lilipokuja. Sikuwa nikiutazama mpira! Nilikuwa nikitazama guu la kusimamia la mpigaji krosi: vidole vikielekea mlingoti wa karibu, nilikimbilia huko, kiwiliwili kikilalia nyuma, nilijua mpira utapaa, nami nikachelewa makusudi nikiusubiri mlingoti wa mbali. Tena nilihesabu upepo, maana kusi ya mwezi kama huu wa Agosti huuhamisha mpira wa juu hatua kadhaa. Niliwasha taa nikayaandika yote nyuma ya kadi ya harusi, na furaha iliyonijaa ilikuwa ile ile ya kufunga bao.

Leo asubuhi nilimsimamisha kijana kando yangu ndani ya boksi, nikamwomba asahau mpira na akazie macho guu la winga. Krosi za mwanzo zilimpita. Kisha, winga akiwa bado hajaupiga mpira, nikamwona anachomoka kuelekea mlingoti wa karibu, akaufikia peke yake na kuupiga kichwa nje. Alirudi mbio akipiga kelele, "Nimeliona guu, Kocha, nimeliona!" Tukarudia mpaka jua likawa kali.