Mezani si "on the table": vihusishi vya Kiingereza vinavyotuponza

Kiswahili kimetudekeza kwa kiambishi kimoja. Mezani, ukutani, pichani, kituoni: -ni inamaliza kazi yote na msikilizaji anajijazia. Kiingereza hakikuachii. Lazima uamue kama kitu kiko juu ya uso (on), ndani ya eneo lenye mipaka (in), au mahali fulani tu bila kujali ndani wala juu (at). "Watu wameketi mezani" ukiigeuza kuwa "people are sitting on the table", umewapandisha juu ya meza. Wanaokula wako "at the table". Sahani ndizo ziko "on the table".

Kosa hili linajitokeza sana kwenye mitihani ya lugha inayotakiwa na vyuo. Duolingo English Test ina swali la kueleza picha, na PTE Academic hukupa sekunde 25 za kuangalia mchoro au picha, kisha 40 za kuzungumza. Muda huo hautoshi kuanza kuwaza vihusishi, kwa hiyo viwe mdomoni tayari.

Kilichopigwa picha kiko "in the picture". "On the picture" ni kwa kilicho juu ya karatasi yenyewe: vumbi, alama ya kidole, doa la chai. Inzi akiwa "in the picture", alipigwa picha pamoja na wenzake. Akiwa "on the picture", mfukuze. Picha yenyewe imetundikwa "on the wall".

Ukishaingia ndani ya picha, pande ni "on the left" na "on the right", lakini katikati ni "in the middle". Sehemu ya juu na ya chini ni "at the top" na "at the bottom". Hapa wengi husema "on top of the picture", maneno yanayomaanisha kuwa kitu kimewekwa juu ya picha. Pembeni ni "in the corner", kwa sababu pembe ya picha inaonwa kutoka ndani. Kona ya barabara ni "at the corner" au "on the corner". Vilivyo karibu na mtazamaji viko "in the foreground", vya mbali "in the background". Ndege aliyejificha kwenye matawi yuko "in the tree", ila matunda yako "on the tree", maana yameshikamana na mti. Na mavazi: "a woman in a red dress". Hakuna haja ya kutafuta kitenzi cha kuvaa.

Kwa wakati, kanuni ya shuleni inafaa: "at" kwa saa, "on" kwa siku na tarehe, "in" kwa mwezi, mwaka na vipindi virefu. Ni "in the morning", lakini siku ikitajwa inashinda: "on Monday morning". Usiku ni "at night", basi, ikariri hivyo. Wikendi Waingereza husema "at the weekend", Wamarekani "on the weekend". Mbele ya last, next, this na every usiweke kitu: "next Friday", kamwe si "on next Friday".

Lakini kinachogharimu watu kazini ni "mpaka". Sisi husema "nitakuwepo mpaka Ijumaa" na pia "mpaka Ijumaa nitakuwa nimemaliza", neno lilelile. Kiingereza kinazitenganisha. Hali inayoendelea hadi siku hiyo inachukua until: "I'm here until Friday". Tendo la mara moja lenye ukomo linachukua by: "I'll finish by Friday". Ukiambiwa ulete fomu "by Friday", Ijumaa yenyewe bado imo. "Before Friday" mwisho wako ni Alhamisi.

"In two weeks" kwenye ahadi ya miadi ni baada ya wiki mbili kuanzia sasa. Muda ambao hutakiwi kuuvuka ni "within two weeks", siku yoyote kabla haujaisha. Barua za ofisi hutumia zote mbili, zisome taratibu. "On time" ni kwa saa iliyopangwa hasa. "In time" ni kuwahi kabla mambo hayajaharibika.

Kuhusu saa, unajua tayari kuongeza sita kwenye saa moja ya asubuhi ili upate 7. Kinachobaki ni mazoea ya Uingereza ya kuangusha past katika "half past seven": "half seven" ni 7:30, yaani saa moja na nusu. Aliyepitia Ujerumani kwanza awe macho, kwani "halb sieben" ya kule ni 6:30.